Mama na Laini ya Marehemu Baba

Idodi, Iringa
16 Februari 2025

Mpendwa kaka Zabron,

Kamwene, kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Makongolosi? Kifua kinaendeleaje na lile vumbi la mashimo ya dhahabu? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua akiinama sana shambani. Mvua zimenyesha vizuri na mifereji imejaa.

Nasikia simu yako ilitumbukia shimoni, ndiyo maana nimeandika na kumpa Jofrey, yule fundi wa pampu, akufikishie mkononi. Sitaki uendelee kuwaza. Mbolea ya Mama imepatikana.

Ulipoondoka Desemba, wakala wa pembejeo alikuwa ameshamrudisha Mama mara tatu. Kwa kuwa Baba ndiye aliyejiandikisha, kila Mama akienda kuchukua mbolea ya ruzuku, namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini ya Baba. Baadaye tukaambiwa tuipigie ile laini. Ikaita. Mama akashika kifua. Akapokea mwanamume wa Kahama, akasema laini kauziwa dukani na hizo meseji za mbolea huwa anazifuta. Nikamwomba atusomee namba ikija, akadhani sisi ni matapeli, akakata.

Mama hakula siku ile. Miche ya mpunga ilizidi kukua kitaluni, naye akaanza kusema bora shamba alikodishe.

Mwisho wa Januari akaja dada mmoja, Apolonia, ametumwa kukusanya maoni ya watu kuhusu hizi huduma za serikali za kwenye simu. Tukaitwa ofisi ya kijiji. Anasoma swali kwenye kishikwambi, wewe unatoa alama, moja mpaka tano. Kila mtu akasema tano. Nani ataisema vibaya huduma mbele ya mtendaji, halafu msimu ujao jina lake lisionekane? Hata mimi nilimnong'oneza Mama aseme tano tuondoke zetu.

Mama akasimama. "Mimi nakupa sifuri, mwanangu."

Watu wakacheka. Apolonia hakucheka. Akasema sifuri haimo, kisha akauliza, "Kwa nini sifuri, mama?"

"Kwa sababu mume wangu amekufa, na mfumo wenu unamtaka yeye."

Kaka, niliinamisha kichwa kwa aibu. Mtendaji akakohoa. Lakini Apolonia aliweka kishikwambi pembeni, akaja kukaa kwenye benchi na Mama, akamwomba amweleze yote tangu mwanzo, naye akawa anaandika kwenye daftari. Alipomaliza akauliza kama yupo mwingine mwenye shida hiyo. Halafu Mama Ombeni akanyoosha mkono. Akafuata mwingine. Wakafika wajane tisa mbali na Mama, na wote tisa walikuwa wameshatoa tano.

Mimi sikutegemea kitu. Niliogopa tutafutwa kabisa kwenye orodha, na kila pikipiki ikisimama nje nilikuwa nachungulia mlangoni. Jumanne mtendaji akatuma tuitwe. Nikajua ndiyo hayo. Kumbe yale ya daftari la Apolonia yamefika kwa wakubwa, naye ameletewa maelekezo kwamba mjane abadilishiwe namba hapo hapo ofisini, kwa cheti cha kifo na kitambulisho chake mwenyewe. Haikuchukua hata nusu saa. Meseji ikaingia kwenye simu ya Mama, imeanza na "Ndugu Rozalia". Alitaka nimsomee mara tatu hapo penye jina lake. Akafuta macho kwa kanga, akasema twende haraka kabla wakala hajafunga.

Jana tumemaliza kupandikiza. Miche ilikuwa imepitiliza kidogo, lakini imesimama vizuri. Nilimwomba Mama radhi kwa kule kumnong'oneza. Akaniangalia, akasema nimletee maji ya kunawa, tope limeganda. Nikajua yameisha. Usiku wa leo nawe ulale, kaka, maana sisi tumeshaanza kulala.

Shangazi Yudith wa Tosamaganga anakusalimu sana. Nawe msalimie Gideoni unayekaa naye.

Mungu akulinde kila unaposhuka shimoni, akupandishe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Yusta