Mama, Nyumba Yangu Imejaa

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa uani, kwa sababu ndani bado naogopa kuingia peke yangu. Ni saa nne asubuhi. Akoth yuko shuleni, baba yake, Wandera, yuko gereji anakotengeneza pikipiki. Jua limewaka vizuri, majirani wanaanika mihogo, nami naandikia juu ya goti. Nisamehe mwandiko.

Nianze na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Tangu tukuzike, huu ni mwaka wa pili, nanunua vitu. Nikivuka mpaka kupeleka maharagwe yangu upande wa Kenya, sirudi mikono mitupu. Leo beseni, kesho chupa ya chai, keshokutwa sahani dazeni nzima. Mwanzoni nilimwambia Wandera kwamba vyombo vyetu vimechakaa. Baadaye nikaacha kumwambia. Nikawa naviingiza ndani akiwa kazini na kuvisukuma nyuma ya vile vya juzi. Chumba cha Akoth kikajaa mpaka dirisha likafichika. Godoro lake nikalitandika juu ya mafurushi, nikamwambia sasa analala juu kama wanafunzi wa bweni. Alifurahi, Mama. Watoto hufurahia mambo ya ajabu.

Wandera hakunigombeza. Jioni moja tu alisimama mlangoni na spana mkononi, akaniuliza, "Mama Akoth, nipite wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Vilivyozidi vyote ni mablanketi. Kumi na moja, yote bado kwenye nailoni zake.

Wewe unajua yalianzia wapi. Siku uliyofariki nilifika kwako Mwello nikakuta umefunikwa blanketi la jirani. Vikombe vya waombolezaji viliazimwa nyumba nne, na sufuria ya kupikia ikatoka kanisani. Shangazi alisimama katikati ya wanawake akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, "Binti anafanya biashara Busia, na mama yake anafunikwa nguo ya kuazima." Wote waliinamisha macho. Mimi nililitambua lile blanketi. Ndilo nililokuletea Krismasi, la rangi ya udongo lenye mistari, ukampa yule mwanamke wa jirani alipojifungua. Ningeweza kusema. Sikusema. Nilikuwa na hasira na wewe kwamba ulikuwa unagawa kila nilicholeta, kwamba umeniacha nisimame pale bila hata kikombe.

Hofu ile iliingia siku hiyo na haijatoka. Nikiona blanketi dukani, namwona mtu wa kwangu amelala chini bila kitu. Nikilinunua, moyo unatulia mpaka kesho yake. Halafu unaanza tena. Nimewatazama wengine kwenye foleni, Mama, wanawake kama mimi, mmoja amekumbatia pasi, mwingine chupa ya chai, na nyuso zao si za furaha. Nimejiuliza wao wanamwona nani.

Sasa nikueleze lililotokea.

Mwezi uliopita Akoth aliniambia anasikia kitu kinakwaruza chini ya godoro. Nikamwambia ni panya. Baada ya siku chache akarudia, nikamwambia alale, panya hawali watoto. Sikwenda kuangalia. Kuangalia kungekuwa kutoa mafurushi, na kuyatoa kungekuwa Wandera ayaone yote kwa mara moja. Niliona bora mtoto alale na panya.

Jumamosi asubuhi nilikuwa najaza maji jerikeni. Akoth akatoka ndani polepole, hakukimbia, akaja akanishika gauni langu la gomesi. Akasema, "Mama, kuna kamba inatembea."

Nilimwuliza iko wapi. Akasema imeingia kwenye vitu vyetu.

Sijui nilifikaje kwa Nafula, yule jirani yangu anayekaanga samaki. Nilikuwa nimembeba Akoth ingawa ana miaka saba na miguu yake inaburuzika chini. Nafula akamwita mumewe, mumewe akaita wanaume wengine wawili, mtu akampigia Wandera simu. Wakaja na fimbo na panga. Mume wa Nafula akachungulia chumbani, akarudi nyuma. Alisema hawezi kumtafuta nyoka mahali ambapo hata paka hawezi kugeuka. Lazima vitu vyote vitoke.

Wakavitoa, Mama. Kimoja kimoja, kwa ncha ya fimbo, kila furushi likitikiswa kwanza. Mabeseni yaliyopachikana yakawa mnara uani. Shuka, mapazia, pasi tatu na sisi umeme wetu unajulikana kwa kukatika, chupa za chai zenye maua. Watu wakaja kwa ajili ya nyoka wakabaki kwa ajili ya vitu. Nilisimama nimemkumbatia mtoto na sikujua niogope kipi, kitakachotoka ndani au hivi vilivyokwisha kutoka. Wandera alifika, akaiegesha pikipiki, akazunguka lile rundo lote.

Nafula ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Mama Akoth, hivi vyote ni vya nini?"

Nikajikuta nimemjibu ukweli. "Vya siku nitakayokufa."

Hakuna aliyecheka. Nafula akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye naye ana masanduku mawili ya vitu kama hivi chini ya kitanda, na mumewe hajui. Mumewe alikuwa mlangoni na panga. Akageuka, akamtazama, akaendelea na kazi.

Nyoka hawakumpata. Walipata tundu kwenye kona, upana wa ngumi, nyuma ya magunia ambayo sikuwa nimeyasogeza tangu mwaka jana. Na walipata gamba. Lilikuwa chini kabisa ya godoro la Akoth, limejipenyeza kati ya mablanketi mawili, kavu, jepesi kama karatasi ya vitunguu. Wandera alilinyoosha kwa kijiti likazidi urefu wa mkono wake. Mume wa Nafula akasema nyoka hajivui gamba mahali anapopita tu. Hujivua mahali alipotulia.

Mama, alikuwa ametulia. Kwa siku ngapi sijui. Nilimpa kitanda na mablanketi, na juu yake nikamlaza mtoto wangu.

Tulilijaza tundu saruji siku ile ile. Mablanketi tisa nimeyagawa, mengine yamekwenda kwa watu nisiowajua majina, kupitia kanisani. Sikusikia utamu wowote wa kutoa. Kila moja lilipoondoka nilihisi kama navuliwa nguo. Juzi nilivuka mpaka, miguu ikanipeleka yenyewe dukani, nikasimama mbele ya rafu na blanketi mkononi. Nililirudisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka mpaka nilipoweza kutembea. Sijui nitaweza wiki ijayo.

Akoth analala kati yetu sasa. Usingizini ananishika kidole.

Kuna jambo moja zaidi. Kaka Owor anasema nyumba yako bado iko vilevile, ameitunza kwa kuizibia paa tu. Ananiita kila Krismasi nami natafuta sababu. Sababu ni kwamba tangu matanga sijaweza kuvuka ule mlango. Naogopa nikiingia nitaona jinsi palivyo patupu, na kwamba uliishi humo miaka yote ukiwa umetosheka, na mimi mwanao sitaelewa namna gani.

Basi nakuahidi hili. Shule zikifungwa nitakuja na Akoth. Hatutapeleka vyombo wala matandiko. Tutalala kwako siku tatu, kwenye mkeka wowote alionao Owor, na Akoth akiniuliza wewe ulikuwa unaogopa nini, nitamwambia sijui, tutafute pamoja.

Pumzika, Mama. Hasira yangu ya siku ile nimeiweka chini. Hofu bado ninayo, nitaingia nayo hivyo hivyo.

Mwanao,
Athieno