Yusuf na Fundi Mutua

Mjukuu wangu Abdirahman,

Asalaam aleikum. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mama yako umepona, na mvua imefika malishoni. Umeniuliza kama upeleke pikipiki yako gereji au uitengeneze mwenyewe.

Miaka ile ya vita, kaka yangu Yusuf alikuwa na pikipiki. Alijua kuifungua injini yote, lakini kabla ya kila safari aliipeleka kwa Mutua, fundi kutoka Ukambani. Madereva wa malori walipita gereji kwake, kwa hiyo Mutua alisikia habari za barabara zote. Alikaza breki huku akiuliza, "Leo waenda wapi?" Siku moja alimwambia, "Huko kuna risasi, Yusuf. Iache pikipiki hapa." Yusuf akabaki.

Kisha vita vikamrudisha Mutua kwao. Yusuf akaitengeneza mwenyewe, vizuri kabisa, akaondoka kwenda Wajir kumwona mkewe. Walimkuta kando ya barabara, amepigwa risasi. Pikipiki ilikuwa nzima. Ilipopigwa kiki tu, ikawaka.

Amani iliporudi, Mutua alikuja nyumbani kutoa pole. Akamwuliza mama yetu, "Nani aliitengeneza pikipiki siku ile?"

"Mwenyewe," mama akajibu. "Wewe hukuwepo."

Mutua akaketi chini mlangoni, akafunika uso kwa mikono. Mama akamletea maji, naye akashindwa kuyanywa.

Plagi safisha mwenyewe, mwanangu. Lakini uwe na fundi anayekujua kwa jina, na ukienda kwake usiwe na haraka ya kuondoka.

Bibi yako,
Ayeeyo Amina