Matete ya Bwawa la Tatu

Kwa kumbukumbu ya Mzee Ndalahwa Kashindye, Mwanza

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ya tarehe 14 Machi 1962. Sisi wa nyumba yako tunakuandikia tukiwa na mioyo iliyotulia kuliko tulivyotazamia.

Kwa miaka tisa uliyatunza mabwawa matatu yanayopokea maji machafu ya mji huu. Waliokuita Bwana Harufu uliwajibu bila hasira: "Harufu ni yenu, ndugu zangu. Mimi ni mpokeaji tu." Hukumpa mtu mkono, wala kuitikia shikamoo ya mtoto, kabla ya kuoga kwa sabuni nyekundu nyuma ya nyumba. Tulikungoja mlangoni, na marahaba yako ilikuja ikinukia sabuni.

Kila kiangazi ulikausha bwawa moja na kulizoa tope lake mpaka chini. Wengine walitaka yaachwe hadi yajae. Wewe ulisema mji unakua, na bwawa lisilozolewa litakuwa shimo tu. Nje ya bwawa la tatu ulipanda matete, ambayo mizizi yake uliileta kutoka mbuga za kwenu Magu, juu ya basi, ndani ya magunia ya pamba yaliyoloweshwa. Maji yalipita humo taratibu, yakasafika, ndipo yakaingia ziwani, karibu na ufuko wanakoteka akina mama.

Na mimi, mwanao wa kwanza, niliyafyeka.

Inanipasa kuliandika hili, kwa kuwa ulinilea nisifiche kosa. Nilikuwa karani wa usafi wa mji. Bwenini tulifundishwa kwamba nyasi ndefu ni uvivu. Tulizifyeka kila Jumamosi kabla ya ukaguzi, na hata leo naionea fahari shule ile. Wiki mbili kabla ya Uhuru, ukiwa msibani Magu, nilipeleka vibarua na mafyekeo. Walifyeka, kisha wakang'oa na mizizi. Nilipatazama pale palivyo peupe, nikaridhika.

Ulirudi, ukasimama ukingoni.

"Maige, nani amefanya hivi?"

"Mimi, Baba. Palikuwa msitu. Wageni wa Uhuru wangeona nini?"

"Wangeona matete. Sasa watanusa."

 Mvua za mwaka ule hazikuwa za mchezo, na ziwa lilikuwa likipanda. Haikupita wiki, jirani yetu Mama Zakia akaja na ndoo yake, akaiweka miguuni pako.

"Baba Maige, hebu nusa mwenyewe. Haya nimpikie nani?"

Ulimwomba awaambie wenzake wakateke mbali, upande wa mawe, ukampa neno lako: "Kabla masika mawili hayajapita utarudi palepale." Kwako neno likishatoka lilikuwa deni, nasi sote tulijua.

Tulipanda upya hadi Februari, wewe, mimi na msaidizi wako Yahaya Bilali, maji yakitufika magotini. Yahaya hakunihurumia: "Karani, shika jembe kama mtu aliyesoma!" Nililishika upya, kwa kuwa nilistahili.

Kisha moyo wako, ambao daktari alisema ulikuwa umechoka tangu zamani, ukakulaza hospitalini. Kila jioni uliniuliza jambo moja tu: "Matete yamefika wapi?" Jibu langu la mwisho lilikuwa, "Gotini, Baba." Ulikwenda ukiwa na jibu hilo, nami nikabaki sijui kama yangeyastahimili masika, wala kama neno lako kwa Mama Zakia lingetimia.

Masika yaliyalaza. Yahaya aliyainua moja moja, akayafunga kwenye vijiti. Agosti tulilizoa bwawa la kwanza kwa zamu uliyoipanga, na msimamizi mpya amekubali kwa maandishi kwamba zamu hiyo haitarukwa. Jumatatu iliyopita nilimwita Mama Zakia. Alichota, akanusa, akaitazama ndoo kwa muda mrefu, kisha akajitwika.

"Mwambie mzee nimerudi," akasema.

Na Mama ameniambia majuzi kwamba, jioni zile za kupanda, ulikuwa ukimsimulia jinsi ninavyoshika jembe vibaya, ukicheka hadi unakohoa. Mwaka mzima nilidhani ulikuwa bado umenikasirikia.

Unakumbukwa na mkeo Paskazia; watoto wako Maige na Ng'washi; mdogo wako Mayala, aliyeko Magu; na Yahaya Bilali, ambaye katika nyumba hii haitwi tena mtu wa kazini.

Maadamu tupo, hutasahaulika. Na lile swali lako, Baba, sasa nina jibu lake: yamenipita kichwa.