Majiwe Mbili Ndani ya Mayi

Kwako Yaya Floribert, kaka yangu mukubwa, kule ku bahari ya batu bengine,

Juzi mudogo wetu Mado aliniletea telefone yake: "Angalia, Yaya iko mu video!" Nikakuona juu ya mashua, na mashini tatu ndefu sawa bomba. Zinaingia mu bahari bila mutu ndani, kutafuta majani ya bahari yenye inaumwa. Moja inashuka chini kabisa, ingine inabaki juu, ingine inafuata pembeni. Zinatumiana sauti ndani ya mayi, ili zisipite njia moja. Na wewe njo unapanga yote.

Nilicheka sana. Aba! Si ile kazi yetu ya mutoni? Unakumbuka mama alikuwa analowesha mihogo mu mifuko, na mvua ikinyesha mayi inaibeba, sisi batoto tunaenda kuitafuta. Ulikuwa unagonganisha majiwe mbili ndani ya mayi: mara moja, tuendelee, mara mbili, turudi mbio. Mado anatafuta pembeni, mi nazama katikati. Mu masikio ilikuwa inalia karibu kuliko sauti ya mama. "Mi njo kapiteni," ulikuwa unasema, na meno inatetemeka na baridi.

Mu video haukusema ile. Ulisema ile idée, ile wazo, ilikuya ku université. Muzuri.

Lakini zile mashini zinatembea na batri, na batri inakula kobalti, na kobalti sisi batu ba mutaa ya Kasulo tunaichimba mpaka ndani ya nyumba, chini ya kitanda. Mayi ya kuoshea madini inaingia mu mutoni yetu. Mihogo ya mama inatoka na rangi ya kutu, bukari, ugali yake, inawasha ulimi. Bakubwa ba kampuni banasema mayi ni safi, tulete preuve, ushahidi. Tutaitoa wapi?

Njo nikakupigia. Nikakuomba mashini moja tu, hata kale kadogo, ikuye ipime mayi ya mutoni. Ukanijibu: "Mudogo, projet yetu, ile mradi, ni ya bahari. Mutoni haiko ndani."

Telefone ilikuwa inasema kwa nguvu, Yaya. Mama alisikia. Akasema, "Muache, iko na kazi," akaendelea kumenya mihogo.

Inaniuma mpaka leo. Unajua majani gani ya bahari inaumwa, ku inchi yenye hakuna mutu anajua jina ya mama yako. Mama yako anakula nini, haujui. Batu banasema mwacha asili ni mutumwa. Mi nakataa. Mutumwa angalau anatamani kurudi.

Jana nilishuka mutoni, nikagonganisha majiwe mara mbili. Batoto bangu bakanicheka: "Mama, unafanya nini?" Habajui ile alama. Habajaingia mu ile mayi hata siku moja, mi njo nabakataza.

Basi, baki na bahari yako. Mama anakusalimia. Mi hapana.

Mudogo wako, ule alikuwa anazama