Ubani Wangu Umeiuza Nyumba ya Mawe

Imeuzwa! Nyumba ya Rahma ya Ufaransa imeuzwa, na aliyeiuza ni mimi mama yake, nisiyejua hata kuagiza mkate kwa Kifaransa!

Haya, sasa salamu. Mwanangu Rahma, asalaam alaikum. Ulipokata simu asubuhi sikuweza kukaa. Nimetoka na kanga yangu mpaka kwa jirani, nikarudi, nikatoka tena. Sib nzima, na nusu ya Omani, ishajua. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unanicheka, hunipi nafasi ya kujisifu vizuri.

Unakumbuka uliponionesha picha zake mara ya kwanza? Jumba kubwa la mawe katikati ya mashamba, paa limeingia ndani, mti umeota jikoni. Nikakwambia, "Rahma, watu wanahama magofu, wewe unahamia?" Ukanijibu, "Mama, zitazame kuta tu." Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, kuta nazijua za kupaka rangi. Lakini wewe ndo mhandisi wa majumba ya kale, peke yako ukoo mzima, na hilo nalisema hata kwa asiyeniuliza. Nikakuachia. Siku ile tu.

Miaka saba umeijenga. Nilipokuja nikakuta vyumba vinane, ngazi mpya, madirisha yanafunguka kwa kidole kimoja. Na mlangoni, huku na huku, baraza mbili za mawe. Nikasimama na sanduku langu mkononi. Zilikuwa baraza za nyumba ya bibi yako Unguja, ambazo wewe hukuziona hata siku moja! Umezijenga kwa maneno yangu tu, yale niliyokuwa nikikusimulia jikoni, wewe umekaa chini unapanga kokoto. Nilikwambia jua limeniingia machoni. Rahma, siku ile palikuwa na mawingu.

Na ubani je! Kesho yake ulikwenda sokoni, nami nikatia makaa kwenye chetezo, nikafukiza chumba hadi chumba mpaka darini. Nyumba iliyolala na popo miaka yote, mtu aingie hivi hivi? Nikafungua madirisha moshi utoke. Ukatoka kweli. Jirani wa ng'ambo ya shamba kaona jumba linafuka, kaita zimamoto. Ukarudi, unakuta gari jekundu, ngazi imesimamishwa, na mimi mlangoni na chetezo changu.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefukiza. Waambie moto hakuna, kahawa ipo."

Wanaume watano wakakaa barazani, kofia zao ngumu mapajani, wakala halua niliyoibeba toka Maskati. Yule wa masharubu alikuwa hajui kutikisa kikombe kusema imetosha. Basi nikamtilia, nikamtilia tena, naye anakunywa tu kwa adabu, mpaka ukamwonea huruma. "Mama, mwenzio hatolala wiki nzima. Hebu nimfundishe kutikisa."

Kisha ikaja ile kazi ya Matrah, kutengeneza majumba ya kale ya huku kwetu. Nikadhani unarudi kesho. Ukanambia, "Mpaka nyumba iuzwe, mama." Nayo ikawa haiuzwi. Baridi mbili zimepita. Dalali wako akasema baraza zinawashangaza wateja, uzivunje. Nikakwambia, "Mwambie akavunje za kwao!" Ukanisikiliza, hukugusa jiwe. Lakini nikikata simu nilikuwa nakaa peke yangu najiuliza, isije kuwa mimi mwenyewe ndiye ninayekuzuia kurudi. Hilo sijamwambia mtu.

Na sasa nani kanunua? Masharubu! Kaja na mkewe, kakaa palepale, umemtilia kahawa, kanywa viwili, katikisa kikombe. Hakuuliza habari ya paa wala ya mabomba. "Baraza zinabaki?" Basi.

Ulipofika hapo sauti yako ilikatika. Nimesikia, mama yako mimi. Kila jiwe la nyumba ile unalijua lilipotoka. Lia mwanangu, hakuna ubaya. Siku ya kufunga mlango, kaa kidogo barazani kwanza, unywe kahawa yako mwenyewe, ndo umpe ufunguo.

Huku nshawaambia wote. Khalati zako, hawa ndugu zangu, wanagombania nani apike wali. Na fundi mmoja wa mtaa wa Ghala kaniletea mawe lori zima, yamerundikwa mlangoni kwetu. Kaniuliza aanzie wapi kujenga baraza. Nikamwambia, "Wewe yaweke chini uende zako. Mjenzi wangu yuko njiani."

Unatua Jumamosi ya mwanzo baada ya Idi. Ijumaa inayofuata, baada ya sala, watu wote wanakuja, na hawana pa kukaa.

Mama yako,
aliyeuza nyumba Ufaransa