Kapita wa Shingo Amelala

Albertville, mu kambi ya reli

Yaya yangu Zaina, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, na jambo ingine juu ya ile ya kwanza. Mifupa yako inaamuka namna gani? Ile goti ya kushoto bado inakuambia mvua mbele ya mvua? Mimi niko. Mwili iko, macho iko, kinywa unajua mwenyewe, hiyo haijagonjwa hata siku moja. Salumu bwana yangu iko pia, anarudia toka ku kazi na mafuta nyeusi mpaka mu masikio, anakusalimia.

Usishangae kuona maandiko inapanda na kushuka sawa njia ya vilima ya kwenda Wamaza. Ni mukono yangu. Hapa kambini kuko nyumba moja wanaita fwaye, wanafundisha sisi wanawake kushona na kuandika. Kushona imenishinda. Mbele nilikuwa naenda kwa karani, mimi nasema yeye anaandika, lakini kinywa ya yule karani inapita hata yangu. Na barua hii ni juu ya Feza, binti yako, mutoto yetu. Sikutaka habari yake isikilikane ku bomba ya maji mbele haijafika kwako.

Yaya, nimechoka na ndagala. Asubui ndagala, magaribi ndagala, ziwa yote hii na samaki yake iko kadogo sawa kidole. Siku ingine nasimama ku mulango, upepo inatoka upande ya kwetu, nasema labda inapita Kasongo kwanza, labda imepita juu ya nyungu yako ya wali. Nanusa. Inanuka makaa ya treni tu. Salumu ananiuliza, «Unanusa nini?» Namuambia, «Yaya anapika.» Anacheka, kiisha ananusa naye, maana yeye pia ni mutu wa kwetu.

Sasa barua yako. Ilifika na mutu wa treni, nikaisoma mimi mwenyewe, polepole, na kidole. Uliandika kama kule Kabambare mama ya Ramazani, mama mukwe wake Feza, amechoka naye. Anasema mukamwana gani huyu, analala na moto inawaka, anatwanga mupunga sawa mutu anayehesabu mbegu. Uso imevimba, shingo imekuwa muzito, sauti imekuwa ya mwanaume, anajifunika blanketi mu jua. Na miezi yake ya wanawake imekatika, na mimba haiko, mwaka wa tatu huu. Wanamumwangia maji ya baridi asubui juu aamuke. Na wamesema, mupunga ikivunwa, watamurudisha kwako.

Yaya, nitakuambia kweli: mara ya kwanza kusoma, nilicheka. Pale penye uliandika kama Kabambare yote wanamuita Bi Polepole. Nilicheka juu nililijua lile jina. Nitarudilia hii, usinikimbize.

Unajua nafua mashuka ku hospitali. Basi mwezi moja mbele ya barua yako, walileta mama moja wa milimani, bwana yake anamushika mukono sawa mutoto. Joto ilikuwa ya kuuwa kuku, lakini yeye iko mu blanketi mbili. Uso sawa mandazi mu mafuta. Ukimusalimia, unaweza kukunja shuka nzima mbele hajajibu, na akijibu ni sauti ya mupagazi. Kuko infirmie moja, Anselmi, mutu wa Kindu, njo anatoa dawa na anasema Kiswahili yetu. Nikamuvuta pembeni.

«Baba Anselmi, huyu wamemuroga?»

«Mama Mwajuma, weye unafua mashuka ama unafua habari za watu?»

«Vyote viwili. Niambie.»

«Hawakumuroga. Ni tezi yake ya shingo. Anakosa ormoni.»

Mimi nikasikia «armonika». Unajua ile kitu ya kupuliza na kinywa, jirani yetu anaipiga kila siku ya mungu mpaka mbwa wanalia. Nikasema mu moyo, njo maana sauti imeharibika. Nikaenda ku bomba, nikawaambia wanawake wote kama sisi tunazaliwa na armonika ndani ya shingo, na ya yule mama imepasuka. Kesho yake wanawake watatu walifika ku hospitali, wanaomba waangaliwe armonika zao. Moja alileta na mama mukwe wake.

Anselmi akaniita. Nilifikiri atanifukuza ku kazi. Alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Akanikalisha juu ya sanduku ya sabuni, akasema, «Sikiliza vizuri, juu ukikosea tena, kesho wataniletea ngoma.»

Sasa ninakuandikia vile alisema, sikuongeza kitu. Ndani ya mwili muko tezi, vinyama vidogo vidogo, kila moja na pahali pake. Havifanye kazi na mikono, vinatoa maagizo. Tezi inatupa maji yake kidogo sana ndani ya damu, kidogo kupita chozi. Hiyo maji njo ormoni. Inatembea na damu, inafika ku moyo inasema piga, inafika ku tumbo inasema saga, inafika ku ngozi inasema pata moto.

Nikauliza, «Inafikisha neno vile lilitoka? Haiongeze kitu mu njia?»

«Haiongeze.»

«Basi haifanane na mimi.»

«Hata kidogo,» akasema.

Akasema tezi ya shingo ni kapita, mwenye kusimamia wafanyakazi. Kapita akilala, kazi yote inalala: moyo inaenda polepole, tumbo inafunga, nywele zinaanguka, hata miezi ya mwanamuke inakatika, na mimba haikamate. Na kapita naye iko na mukubwa wake, ingine kadogo sawa karanga, inakaa mu kichwa chini ya ubongo. Kuko na zingine juu ya figo, ukikanyaga nyoka njo zinakuambia ruka mbele hujafikiri. Kuko ingine nyuma ya tumbo inachunga sukari. Na zetu za wanawake, za uzazi. Nikasema, kumbe mwili ni kambi nzima, na mimi miaka yote nilifikiri ni nyama na mifupa.

«Sasa kapita akilala,» Anselmi akasema, «utapiga wafanyakazi? Utapiga bule. Utamumwangia mugonjwa maji ya baridi mpaka kesho, yeye hawezi.»

Wakati ule barua yako haijafika. Hakuna mutu alimuambia habari ya maji ya baridi. Alisema tu, sawa mufano.

Yaya, unakumbuka marehemu Baba, ku nyumba yake ya kuchinjia, pale sokoni? Akimaliza kupasua koo ya mbuzi, alikuwa anatoa kale kanyama kekundu, sawa kipepeo amefungua mabawa, anatupia paka. Niliuliza Anselmi: ni hiyo? Akasema njo hiyo, na dawa ya yule mama ni kanyama ile wamekausha, wamesaga, wamefanya vidonge. Basi sasa najua juu ya nini ile paka ya Baba haikuwa inalala, inapanda mapaa mchana kutwa, macho sawa taa. Tulisema iko na shetani. Ilikuwa na kapita wengi.

Najua utauliza, maana mimi pia niliuliza: kidonge ya nyama gani? Nilisema, Baba Anselmi, sisi ni waislamu, kama ni ya nguruwe mutoto yetu hataimeza, na mama mukwe atapata neno ingine la kusema. Yeye hakujua. Akaenda kwa maseri, yule mutawa anayechunga dawa, wakaangalia ku chupa pamoja. Kondoo. Nikamuomba arudie kuangalia. Kondoo.

Na yule mama wa milimani nilimuona na macho yangu. Juma ya kwanza hakuna kitu. Kiisha akatupa blanketi moja. Kiisha akaomba maji ya kuoga yeye mwenyewe. Siku moja naokota mashuka, nasikia sauti nyuma yangu, sauti ya mwanamuke: «Weye, umenipatia shuka yenye tundu, unaniona mujinga?» Yaya, sijapata kufurahi hivi kwa kutukanwa. Mutu alikuwa amelala ndani yake mwenyewe, amerudia.

Wakati barua yako ilifika, nilicheka ile mara moja. Kiisha nikasoma tena na kidole, uso, shingo, sauti, blanketi, miezi. Kidole ikasimama.

Nilimuonyesha Anselmi barua. Akasema hawezi kuapa juu ya mutu hajamuona, lakini kama ni vile umeandika, apelekwe kwa munganga wa hospitali, sasa, si kisha mavuno. Akauliza kule wanakula chumvi gani. Nikasema mama ya Ramazani anajisifu na chumvi yake ya majivu ya majani. Akatingisha kichwa, akasema shingo inavimba pia kwa kukosa kitu moja iko mu chumvi ya bahari, tezi inakitafuta, inakosa, inajipanua.

Kwa hiyo, yaya, fanya hivi. Ngoja kamio, ile motokari inabeba pamba, panda mpaka Kabambare, umuchukue Feza wewe mwenyewe. Usiseme «mumemurudisha». Sema «nampeleka kwa munganga, Ramazani atakuja kumuona». Ramazani aliandika jina yake chini ya barua ile walinitumia na Feza ya kunisalimia, ile siku ya idi, sikusahau, si mutu mubaya, ni mama yake anamusemea. Na tafazali, usimupikie Feza koo za mbuzi kwa kusema dawa ni moja. Anselmi alinikataza sana: ikizidi, moyo inakimbia mpaka inaanguka. Munganga njo anapima. Na asiache vidonge kwa kuona amepona, labda atameza siku zote.

Sasa neno langu. Ile mara nilikuja kwetu, Feza alikuwa bibi arusi wa mwaka moja, mulimuleta Kasongo kutusalimia. Asubui tukaenda naye ku kisima. Anateka maji, anapumuzika, anateka. Wanawake wanangoja. Mimi nikasema kwa nguvu, «Wamama, tumupishe Bi Polepole, maji yake inatoka Makka.» Walicheka mpaka mutungi moja ukavunjika. Na mimi, unanijua, nilivyoona wanacheka, nikalisema tena sokoni, na ku matanga ya jirani. Lile jina lilifika Kabambare mbele ya miguu yake. Wakwe walipoanza kutafuta neno, walilikuta tayari limepikwa. Feza alikuwa mugonjwa tayari siku ile, yaya. Alinitazama, akasema, «Mama mudogo, mikono yangu imekuwa ya mutu mwingine.» Nikacheka hata hiyo.

Kwa hiyo barua hii usiifiche mu sanduku. Mutafutie mutu mwenye sauti, aisome ku kisima, wakati wanawake wamejaa, asiruke ile ya armonika, wacheke kwanza, wakicheka watasikiliza. Kiisha aseme: lile jina ni la Mwajuma, alilifanya yeye, amelirudisha. Mwenye kuita mutu Bi Polepole, aniite mimi, hapa Albertville. Yule mutoto jina yake ni Feza.

Salimia wote: bwana yako na kikohozi yake, mwalimu wa Korani aliyeniambia sitajua kuandika, umuonyeshe karatasi hii bila kusema neno, na mama jirani wa mutungi uliovunjika. Salimia hata mama ya Ramazani, umuambie sikumutukana mu barua, nafasi ilikosa.

Salumu anasema likizo yetu labda mwaka unaokuja. Labda ni neno refu sana huku. Mimi nitanusa upepo. Lakini Feza akimeza vidonge, sauti yake ikirudia, ile ya kuita kuku mpaka kuku za majirani zinakuja, umuambie asimame inje ya nyumba yako, aniite «Mama mudogo» kwa nguvu yake yote. Huku sitasikia. Wewe utasikia, utaniandikia ilikuwa namna gani.

Mimi mudogo wako,
Mwajuma Bi Polepole