Ukurasa wa Tisa

Baraka, tarehe 4 Septemba 2002

Kwako Yaya Anastasie, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, wewe na shemeji na batoto wote wanne huko kambini Tanzania. Kama mnalala bila kukimbia, basi mmetupita. Sisi huku tuko, miguu ingali mizima. Tangu Januari tumekimbilia porini mara sita; mara ya mwisho tulirudi baada ya siku kumi na moja, tukakuta mlango umechukuliwa. Barua hii inakuja kwa mkono wa Haruna, mwenye mtumbwi wa mashine, anayepakia samaki Kazimia. Mpe chai, shukrani za maneno hazipendi.

Yaya, nimepata kazi ya kufundisha chuoni. Usipige vigelegele bado, soma mpaka chini.

Niliandika maombi kumi na manne, nikajibiwa matatu. Wakubwa wa chuo cha waganga wa hospitali waliniambia mimi ni mutu wa lettres, wa fasihi, niende kwa wenzangu. Wenzangu wa lettres wakasema kitabu changu cha maneno ya wagonjwa kinanuka dawa, nikipeleke hospitali. Mmoja aliniuliza, huku akicheka, kama nataka kutibu kipindupindu kwa mashairi. Nikamjibu kwamba wenye dawa walihesabu wafu wa Baraka wakasahau kumi na saba, na aliyejua ni mimi, kwa sababu niliuliza majina. Kazi hakunipa, ila kicheko kilimwisha. Wenye baba mukubwa ndani ya bureau, ofisini, waliingia bila hata barua moja. Mimi niliyebeba matofali miaka minne ili nisome, nilirudi kwa miguu.

Jibu la tatu lilitoka chuo cha wauguzi, Bukavu. Walitaka mutu wa kufundisha wauguzi kumsikiliza mgonjwa. Nilivuka vizuizi kumi na viwili vya askari, nikafika siku ya tano. Watu watano walikaa mbele yangu na kitabu changu, zile shuhuda sitini na tatu za wagonjwa wa kipindupindu. Walifungua ushuhuda wa arobaini na moja, wakabaki hapo. Mzee mmoja alivua miwani. Daktari mmoja, mama mkali, akauliza kwa nini huu unakatika kwenye ukurasa wa nane, bila kuaga, wakati wengine wote wameaga. Nikamwambia mgonjwa alilala. Wakanipa nafasi.

Ushuhuda huo ni wa Mama. Na neno hilo ndilo nililokuandikia wewe mwaka 2000: Mama alilala, hakuamka.

Yaya, Mama hakulala.

Siku ile Georgette, muuguzi, alikuwa peke yake na wagonjwa ishirini na wawili. Aliniwekea jagi la maji ya chumvi na sukari, akaniambia nimnyweshe kidogo kidogo, nisiache hata akikataa. Mama akaanza kusema. Alisema ugonjwa umemwingilia kama wifi asiyebisha hodi, anayefungua hadi sufuria. Katika wagonjwa arobaini hakuna aliyesema hivyo. Nikajiambia amalize hapo, kisha nitamnywesha. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa sita niliandika kurasa tisa. Vikombe nilivyompa ni vitatu. Nimehesabu miaka miwili, hesabu haibadiliki.

Unajua desturi ya nyumba yetu: maneno ya mwisho ya mama hupelekwa kwanza kwa kifungua mimba, kabla hayajapita mdomo mwingine. Kurasa nane nimewapa wageni kabla yako. Wa tisa niliwaficha wao, nikakuficha na wewe. Uko ndani ya bahasha hii, ni ule ule, sikuunakili. Una mstari mmoja tu: “Wilfried, hiyo kalamu haisikii kiu? Nipe maji.”

Niliandika mpaka nukta, ndipo nikashika kikombe. Maji yalimwagika shingoni mwake, hakumeza tena.

Kazi inaanza tarehe 15 Oktoba. Somo la kwanza ni namna ya kumsikiliza mgonjwa. Haruna atakaa huko siku mbili. Mpe neno moja, niende au nisiende. Nitalifuata, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye maneno ya Mama.

Nisalimie shemeji. Batoto wape mkono, mmoja mmoja, hasa yule mudogo ambaye sijamwona. Huo ukurasa usiusome umesimama.

Ni mimi mudogo wako,
Wilfried